Mashine Ikinyamaza

Ukiniuliza kama detekta fulani ni nzuri, nitakuuliza kwanza: nzuri kwa nani? Swali linakaa la mafundi. Mimi naona ni la maadili, na linatuhusu sisi wote tunaoinua mikono kila siku mlangoni mwa supamaketi za Nairobi.

Tuanze na mashine yenyewe. Koili inatoa uga wa sumaku. Uga huo ukifikia metali, unaamsha mikondo midogo ya umeme ndani yake, nayo inatoa uga wake unaorudi umechelewa kidogo. Detekta inapima ule uchelewaji na nguvu yake. Basi. Haijui dhahabu ni nini, wala haijui bunduki.

Zile za watafutaji wa vitu vya kale hugeuza kipimo hicho kuwa namba kwenye skrini: misumari huku chini, sarafu za fedha kule juu. Shida iko katikati. Pete nyembamba ya dhahabu na kile kipete cha kufungulia mkebe wa soda zinaweza kutoa namba ileile. Kitu kikiwa kimezama sana, au udongo ukiwa na madini mengi ya chuma, namba yenyewe inaanza kuyumba.

Sasa, kuna mpangilio wa kuiambia mashine inyamaze ikikutana na takataka. Neno la Kiingereza wanalouita ndilo lile tunalotafsiri kama ubaguzi. Si utani. Ukibagua vipete vyote vya soda, pete za dhahabu pia zinaenda na maji. Na ajabu ni vile siku yako itakuwa poa. Utachimba mara chache, karibu kila shimo litakuwa na kitu, na utarudi nyumbani ukiisifu mashine.

Hapo ndipo hukumu zetu nyingi huharibika. Kuna kosa la kelele na kosa la kimya. La kelele unaliona: umechimba, umepata msumari, mgongo unauma. La kimya haliachi ushahidi, kwa sababu dhahabu iliyobaki chini haitoki kuja kulalamika. Anayeipima detekta kwa ilichopata amepima nusu. Jaribio la haki ni mtu mwingine afukie vitu bila kukuonyesha, halafu mhesabu ulivyopata na ulivyopita juu yake.

Mwaka wa 1881 rais wa Marekani, James Garfield, alipigwa risasi. Alexander Graham Bell, yule wa simu, alileta kifaa chake cha kutafuta risasi mwilini. Hakikuipata. Springi za chuma za kitanda zinatajwa kuwa zilivuruga sauti, lakini kuna jambo lingine: daktari mkuu, Willard Bliss, aliruhusu upande wa kulia tu ukaguliwe, maana yeye aliamini risasi iko huko. Garfield alifariki Septemba hiyo, na uchunguzi wa maiti ukaonyesha risasi iko kushoto. Mashine haiwezi kupata kitu mahali ilipokatazwa kutafuta.

Upande wa pili kuna ADE 651, kifaa ambacho Mwingereza James McCormick aliuzia Iraq kwa maelfu ya dola kila kimoja, ati kinanusa mabomu. Kilikuwa antena inayozunguka juu ya mpini. Mwaka wa 2013 McCormick alifungwa miaka 10, lakini kwenye vizuizi vya Baghdad kifaa kiliendelea kutumika hadi 2016, baada ya bomu la Karrada kuua mamia, ndipo Waziri Mkuu Haider al-Abadi akaamuru kiondolewe. Antena ile ilifuata mtikisiko mdogo wa mkono. Aliyeishika angeweza kumshuku mtu kwanza, kisha antena ikamwelekea mtu huyo.

Rudi mlangoni sasa. Tuseme watu 10,000 wanaingia, mmoja ana silaha, na mashine inapatia mara 99 kwa kila 100. Bado italilia kama watu 100 wasio na hatia. Yaani kila mlio una nafasi kama moja kwa mia ya kuwa wa kweli. Kwa hivyo soja lazima amalizie hukumu kwa macho, na macho nayo yana mpangilio wake. Mkanda wa mzee wa suti ukilia, anaambiwa, "Pita, mkubwa." Begi langu likilia, natoa mpaka chaja. Simlaumu soja sana. Nyuma yangu kuna foleni, na mzee wa suti akikasirika anaweza kumfutisha kazi. Mimi siwezi.

Niliacha chuo mwaka wa pili, na matangazo mengi ya kazi huninyamazia kabla sijafungua mdomo: digrii kwanza. Namwelewa mwajiri mwenye barua 2,000 mezani na wiki moja ya kuzisoma. Pia sidai mimi ni dhahabu, huenda ni kipete cha soda tu. Lakini mwajiri ambaye hajawahi kuajiri mtu asiye na digrii hawezi kuniambia kichujio chake kinafanya kazi. Ameona waliopita tu.

Utasema hakuna anayeweza kuchimba kila mahali. Kweli, na mtu anayefuata kila mlio atakufa na ndoo ya misumari. Kuchuja tutachuja. Deni letu ni kwa wale wanaolipia makosa ya kichujio. Mlangoni, ambapo silaha moja ikipita watu watakufa, kelele ni bora kuliko kimya. Basi tugawane usumbufu wake: mzee wa suti naye afungue mkoba. Na pale ambapo kosa la kimya linamwangukia mtu asiye na pa kulalamikia, mwenye mashine mara mojamoja achimbe palepale namba inaposema takataka, aandike alichokuta, halafu ndio atuambie mashine yake ni nzuri.