Mgeni Aliyeitwa Kumpiga Jirani

Familia za Spring Valley, Nairobi, zikiteremka Malindi wakati wa likizo, watoto hupigwa picha kwenye nguzo nyeupe ya Vasco da Gama. Natamani wazazi wawasimulie pia kwa nini Malindi ilimpokea Mreno huyo.

Malindi na Mombasa zilikuwa na dini moja, lugha moja na biashara ileile, na biashara hiyo ndiyo iliyozigombanisha. Aprili 1498 watu wa Mombasa waliogelea usiku kwenda kukata kamba za nanga za Wareno. Siku chache baadaye mfalme wa Malindi alimwendea da Gama kwa mashua, ameketi chini ya mwavuli mwekundu wa hariri, huku siwa za pembe za ndovu, ndefu kama kimo cha mtu, zikipulizwa. Akampa chakula na rubani wa kumvusha hadi India. Hakuwa mjinga. Alichoka kutishwa na jirani mwenye nguvu, na huyu mgeni alikuwa na mizinga.

Mwaka 1505 Mreno mwingine, Francisco de Almeida, akaiteketeza Mombasa. Mfalme wa Mombasa alimwandikia hasimu wake wa Malindi kwamba hata watoto hawakusazwa, na kwamba kwa uvundo wa maiti hathubutu kuingia mjini. Barua hiyo inaniuma kuliko vita vyenyewe, maana onyo lilifika, tena kutoka kwa aliyeyaona, na halikubadili kitu. Mwaka 1528 Mombasa ilichomwa tena, safari hii wapiganaji wa Malindi wakiwamo.

Si Malindi peke yake iliyomtumia mgeni kumpiga jirani. Babeli nayo iliungana na Wamedi kuiangusha Ninawi ya Waashuri mwaka 612 KK. Mwaka 539 KK Waajemi, jamaa wa hao Wamedi, wakaitwaa Babeli.

Hatimaye Malindi ilishinda: ukoo wake ukakalishwa kwenye kiti cha Mombasa. Lakini mwaka 1593 Wareno walianza kujenga ngome ya Fort Jesus mjini Mombasa, biashara ikahamia huko, na Malindi ikadidimia. Sultani Hassan bin Ahmed wa ukoo huo aligombana na makapteni wa ngome, akakimbilia bara, akauawa mwaka 1614 kwa hila zao. Mwanawe Yusuf alipelekwa Goa angali mtoto, akabatizwa Jerónimo, kisha akarudishwa kutawala chini ya macho yao. Agosti 1631 aliurudia Uislamu, akamuua kapteni na kuitwaa ngome. Mwaka uliofuata aliiacha, akaishia kuhangaika baharini. Wareno wakarudi, na safari hii hawakumtawaza sultani yeyote Mombasa.