Moto Ugawe, Fahali Mtunze

Wasomaji wa hadithi za ajabu wakikutana Moshi huulizana maswali mawili: umesoma nini kizuri, na kinapatikana wapi? La kwanza hujibiwa kabla chai haijapoa. La pili linaweza kuchukua mwaka mzima.

Nawazungumzia wale ambao hadithi isipokuwa na jini, zimwi au nchi isiyo kwenye ramani yoyote, hawafiki ukurasa wa kumi. Usidhani ni wachache. Kuna vijana walioonja utamu huo kwanza kwenye banda umiza, mbele ya filamu ya majoka na wafalme iliyotafsiriwa na mtu mwenye maneno mengi kuliko waigizaji wenyewe, kisha wakasikia kwamba hadithi ile ilianza kama kitabu. Kuna wazee waliosomeshwa Shaaban Robert wakiwa wadogo na hawajapona mpaka leo. Waweke meza moja. Kijana atamtaja Tolkien, mzee atataja Kusadikika, na muda si mrefu kila mmoja atakuwa anatafuta kalamu aandike jina alilopewa na mwenzake.

Majina ya kupeana hayakosekani. Kusadikika, kilichotoka mwaka 1951, kinatupeleka katika nchi iliyo angani, ambako Karama anashtakiwa na Waziri Majivuno kwa kutaka kufundisha sheria, naye anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa mbali, wakarudi na maarifa, wakaishia gerezani. Ukikimaliza utaambiwa usiiache Adili na Nduguze ya mwaka 1952, yenye ndugu wawili wenye husuda waliogeuzwa manyani, wala Kufikirika, iliyochapwa mwaka 1967 wakati mwandishi wake ana miaka mitano kaburini. Anayetaka safari za anga ataelekezwa kwa Mkenya Katama Mkangi na Walenisi yake ya mwaka 1995: mtu amehukumiwa kifo, anafungiwa ndani ya chombo na kurushwa angani, anaibukia katika nchi yenye haki. Anayetaka wafu wanaorudi kuwadai walio hai atapewa Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed. Anayetaka habari za ahera atapewa Ziraili na Zirani ya William Mkufya. Na yule anayejiona amekomaa kabisa atatupiwa Nagona na Mzingile za Kezilahabi, kisha wenzake watakaa pembeni waone kama atarudi salama.

Hapo sijagusa tafsiri. Mashimo ya Mfalme Sulemani na Alfu Lela U Lela ziliwalea babu zetu. Hata yule msichana wa Lewis Carroll aliyetumbukia shimoni alianza kuzungumza Kiswahili mwaka 1940, kwa jina la Elisi, na mwaka 2015 Ida Hadjivayanis akamleta upya kwa jina la Alisi.

Sasa vitafute hivyo Moshi. Maduka mengi ya vitabu mjini huishi kwa vitabu vya shule, madaftari na maandiko matakatifu. Muulize muuzaji kama ana Mzingile, naye atakuuliza ni cha kidato cha ngapi. Ukimwambia si cha kidato chochote, unajisomea tu, atakutazama vizuri zaidi kisha akwambie ujaribu Dar. Dar nako utaambiwa kiliisha na hakijachapwa tena. Unarudi kwa wauza vitabu vya mtumba waliotandaza turubai kando ya barabara, unapekua miongozo ya mitihani iliyopitwa na mtaala, riwaya za Kiingereza zilizoachwa na wapanda mlima na majarida ya kilimo cha nchi zenye theluji. Jioni moja nilinunua karanga pale sokoni Mbuyuni, nikakuta zimefungwa kwenye ukurasa wa riwaya ya Kiswahili ambayo sikuweza kuitambua. Nilimwomba mama muuzaji anionyeshe kitabu chenyewe. "Kimeisha, baba," akasema, "ulichoshika ndiyo karatasi ya mwisho." Ukurasa ule uliishia pale mtu anapobisha hodi. Hadi leo sijui alikuwa nani.

Vitabu hivi havikupotea kwa uchawi. Ofisi ya East African Literature Bureau, iliyoanzishwa mwaka 1948 kuchapa vitabu vya lugha za Afrika Mashariki, haikupona pale Jumuiya ya kwanza ilipovunjika mwaka 1977. Tanzania Publishing House, iliyozaliwa mwaka 1966, ilikutana na miaka ya 1980 ambapo karatasi yenyewe ilikuwa bidhaa adimu kama sukari na sabuni. Baada ya hapo wachapishaji wakajifunza jambo moja la kuishi: kitabu kilichoingia kwenye mtaala kitanunuliwa kwa maelfu, kisichoingia kitakaa stoo. Hadithi za ajabu mara nyingi huangukia kundi la pili. Zinatoka mara moja, wanaobahatika wanabahatika, basi. Maktaba ya mkoa inajitahidi na nakala ilizonazo, na nakala ikisomwa na mji mzima huchakaa kabla haijamfikia wa mwisho.

Ndiyo maana kwetu huku msimu wa kuwinda vitabu ni Desemba. Kila anayeujua mlima huu anajua kinachotokea Krismasi ikikaribia: magari kutoka Dar, Arusha, Dodoma na Nairobi yanapanda Machame, Kibosho, Marangu, Mwika na Rombo kana kwamba mlima unawavuta kwa kamba. Watu huja na mchele, soda, nguo za watoto. Wengine huja na vitabu ndani ya begi, na huondoka na vingine. Kitabu kilichosomwa Sinza kinabadilishwa Uru na kitabu kilichosomwa Nairobi, na Januari kila kimoja kinashuka na basi la upande usio wake. Kati ya Krismasi na mwaka mpya, baada ya nyama na mbege, utawakuta watu wazima wamekaa chini ya migomba wakisimuliana habari za nchi ambazo hazipo.

Nyumba za kihamba nazo zina akiba yake. Yupo mwalimu mstaafu mmoja huko Kibosho mwenye sanduku la bati chini ya kitanda. Siku niliyokwenda kumsalimu alikuwa amelitoa, ameanika vitabu juani kwenye mkeka wa kahawa, maana unyevu wa kule juu hauna huruma na karatasi. Usipovianika mara kwa mara vinaota ukungu wa kijani.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kuniona mimi au kuliona sanduku?"

Nilimwambia ukweli kwamba nimekuja kwa yote mawili. Akacheka, akaniletea kigoda. Hakuniuliza ninataka kitabu gani. Aliniuliza cha mwisho nilichosoma ni kipi, nilikichokea wapi, na kama nilikimaliza kwa kupenda au kwa aibu. Majibu yangu ndiyo yaliyomfanya anyooshe mkono na kuchagua. Kusadikika yake haina jalada tena. Ameivalisha karatasi ya kalenda ya benki, na ndani, juu ya mhuri wa shule uliofifia, yamepangwa majina ya waliokwisha kuisoma, mengine kwa wino wa zambarau wa kalamu za kuchovya. Pembeni alikuwa na daftari lenye safu nne alizozipiga mstari kwa rula: jina, kitabu, tarehe, amerudisha. Safu ya nne ilikuwa na mapengo. Kwa aliyeacha pengo hapo, hata akija na mkungu wa ndizi, sanduku halifunguliwi.

Mtu anaweza kumwona mzee yule ni mkali kupita kiasi. Mimi naona anafuata sheria ambayo mlima wenyewe umekuwa ukiifundisha kwa karne nyingi.

Wachagga husimulia kwamba Kibo na Mawenzi walikuwa majirani. Moto wa Mawenzi ukawa unazimika, naye kila mara anakwenda kwa Kibo kuomba kaa la moto. Masimulizi yanatofautiana kuhusu kilichomkera Kibo, lakini mwisho wake ni mmoja: alichukua mchi akamtwanga jirani yake. Utazame mlima asubuhi mawingu yakiwa yamepanda. Kibo, mita 5,895, amekaa na kofia yake nyeupe; Mawenzi, mita 5,149, amechanika mabega mpaka leo.

Na ipo hadithi ya Mrile, ambayo kwa maoni yangu haizidiwi na fantasia yoyote inayouzwa viwanja vya ndege. Mrile ni kijana wa mlimani. Anachimba magimbi na mama yake, anaona mbegu moja imefanana na mdogo wake mchanga, anaificha kwenye shimo la mti, nayo inageuka mtoto. Anamlisha kwa siri kwa chakula chake mwenyewe mpaka mwili wake unakonda. Mama anamfuatilia, anamkuta yule mtoto, anamuua. Mrile anakalia kigoda cha baba yake, anaimba, kigoda kinapaa. Huko juu anapita watu wa kazi mbalimbali akiuliza njia, mpaka anafika kwa mfalme wa mwezini. Anakuta watu wanakula chakula kibichi. Anawafundisha kupekecha moto, nao wanamlipa ng'ombe na mbuzi wengi. Wakati wa kurudi nyumbani anachoka njiani. Fahali mmoja anajitolea kumbeba kwa sharti kwamba siku akichinjwa, Mrile asionje nyama yake. Mrile anakubali na kuwaagiza wazazi. Fahali akachinjwa hata hivyo, mama akatia mafuta yake kwenye chakula cha mwanawe. Mrile alipokula, ardhi ikammeza.

Wamisionari wa Kijerumani waliiandika hadithi hiyo mwanzoni mwa karne ya 20, na Alice Werner akaisimulia upya kwa Kiingereza mwaka 1933. Kwa hiyo mtoto wa Old Moshi akitaka kuisoma leo, ataipata kwa urahisi zaidi katika lugha za ng'ambo kuliko katika lugha ya bibi yake. Bibi mwenyewe, kama bado yupo na bado anaikumbuka, ni toleo lenye nakala moja, na nakala hiyo inatembea na mkongojo. Tunaagiza riwaya kutoka London na kulipia nauli ya ndege, na aliye umbali wa bodaboda hatujamwomba atusimulie. Mangi Petro Itosi Marealle aliliona hilo mapema: Maisha ya Mchagga Hapa Duniani na Ahera aliiandika miaka ya 1940, na kwa kuwa aliiandika, Mkuki na Nyota waliweza kuichapa tena mwaka 2002.

Lakini tazama Mrile alichotoa na alichopewa. Alitoa moto. Moto ukimpa mwenzako, wako haupungui. Ndivyo lilivyo pendekezo la kitabu. Nikikutajia Walenisi, mimi sijapoteza kitu. Kwa hiyo bahili wa majina, yule anayeficha alichosoma ili abaki mjuzi peke yake, hana utetezi. Mwenzake ni yule wa kuomba tu kila siku, "nisome nini, nisome nini," na hajawahi kumtajia mtu hata kitabu kimoja. Huyo ndiye Mawenzi, na mchi unamsubiri.

Nakala, kwa upande wake, ni fahali. Yupo mmoja, amekubali kukubeba kwa sharti, na sharti likivunjwa hakuna wa pili. Kutorudisha kitabu ambacho hakichapwi tena ni kuwanyima watu ambao hata hujawajua, wale ambao majina yao yangefuata chini ya lako kwenye ukurasa wa kwanza.

Najua utaniambia siku hizi kuna simu. Mtu anapiga picha kurasa zote, anazituma kwenye kundi la WhatsApp, kila mmoja anapata fahali wake. Pale steshenari nako wanatoa kopi ya kitabu kizima na kukibana kwa plastiki. Kwa kitabu ambacho hakijaonekana dukani kwa miaka 30, namwelewa anayefanya hivyo, ingawa sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999 haimlindi. Kwa kitabu ambacho mwandishi wake yu hai na mchapishaji wake ana duka, simwelewi hata kidogo. Tunalalamika kwamba hakuna anayeandika fantasia kwa Kiswahili, na yule mmoja aliyethubutu tunamlipa kwa kumsambaza bure. Kilichopo dukani kinunuliwe. Hizo ndizo kura pekee ambazo mchapishaji huzihesabu anapoamua kitabu gani kirudi mtamboni.

Basi Desemba hii ukipanda nyumbani, pakia na kitabu kimoja kati ya mchele na soda, ukijua utakiacha huko. Kabla hujaomba jina, toa jina. Mkalishe bibi au babu, washa simu urekodi, mwache asimulie mpaka achoke, kisha uandike. Na kama kuna kitabu cha mtu umekaa nacho tangu mwaka juzi, usijifanye umesahau. Unapajua kwao.