Msimfutie Mtoto Kosa Lake

Usiku, katika nyumba nyingi za kupanga za Tandika na Mbagala, Dar es Salaam, meza ya chakula ndiyo dawati. Pasipo na meza, mkeka. Mtoto wa darasa la tano amefungua daftari la Hisabati, mama anakuna nazi huku akimtupia jicho, na swali limekaa hivi: 10 − 4 + 3.

"Mama, naanza na ipi?"

"Si mmefundishwa MAGAZIJUTO? Jumlisha inatangulia toa. Nne na tatu, saba. Kumi toa saba?"

"Tatu."

Mtoto anaandika 3. Kaka yake wa kidato cha pili, aliyekuwa kimya na simu yake, anadakia kuwa jibu ni 9, na ubishi unaanza.

Kaka ndiye aliyepata. MAGAZIJUTO, yaani Mabano, Gawanya, Zidisha, Jumlisha, Toa, imekaririwa na wanafunzi wengi wa Tanzania, na ina faida yake: asiyeijua akikutana na 2 + 3 × 4 hupata 20 badala ya 14. Ila kujumlisha na kutoa vina hadhi sawa. Vikikutana vyenyewe, hesabu hufanywa kutoka kushoto kwenda kulia. Kugawanya na kuzidisha, vivyo hivyo. Aliyetunga kifupisho hicho hakuweza kuandika silabi mbili mahali pamoja, ikabidi moja itangulie. Mtego ukabaki humo.

Kinachofuata ndicho kinachostahili kutazamwa. Kaka anachukua raba, anafuta 3, anaandika 9, watu wanalala. Kesho yake mwalimu anapiga tiki. Mtoto hajui kwa nini ni 9. Mwalimu naye, mwenye rundo la madaftari mezani, hana namna ya kugundua kwamba huenda nusu ya darasa wameielewa MAGAZIJUTO kama yule mama. Hawezi kurudia somo ambalo madaftari yanamwambia limeeleweka.

Kwenye Kiingereza mambo ni hayo hayo. Mtoto akiandika "My mother he go to market", mwalimu makini anasoma mengi hapo: huyu bado anafikiri kwa Kiswahili, ambamo kiambishi "a-" hakibagui baba na mama, na kitenzi hakidai "s" mkiani. Dada mkubwa akiisafisha sentensi hiyo usiku, tatizo linabaki kichwani na kutoweka daftarini. Litaibuka kidato cha kwanza katika shule za serikali, pale Hisabati yenyewe inapogeuka kuwa ya Kiingereza baada ya miaka yote ya shule ya msingi ya kufundishwa kwa Kiswahili.

Watafiti wa mpango wa Uwezo, walioanza kupima watoto wa Kenya mwaka 2009, kisha Tanzania na Uganda, walijua kwamba daftari linaweza kuficha tatizo. Hawakutosheka na rekodi za shule. Waliwafuata watoto majumbani, wakawapa majaribio ya kusoma na kuhesabu ya kiwango cha darasa la pili. Wakawakuta hata baadhi ya watoto wa madarasa ya juu wakishindwa. Watoto hao walikuwa na madaftari, na bila shaka madaftari hayo yalikuwa na tiki.

Kenya nako mtaala wa umilisi, CBC, ulipoenea kuanzia 2019, wazazi walilalamika kwamba kazi za nyumbani zimekuwa zao: kuchapisha picha, kusaka vifaa, kukata na kubandika. Septemba 2021 mtaala huo ukapelekwa Mahakama Kuu. Kwa maoni ya makala hii, wazazi walikuwa na haki ya kulalamika. Kazi isiyofanyika bila mzazi haimpimi mtoto.

Lakini tuwe wakweli kuhusu raba. Wazazi wengi hawaishiki kwa uvivu wala kwa sifa, wanaogopa fimbo. Kukosa hesabu tano kati ya kumi, katika shule zisizo chache, ni kuchapwa. Mama gani atamwachia mwanawe kosa akijua kesho litalipiwa kwa viboko?

Kanuni za viboko za Tanzania, hata zilivyorekebishwa mwaka 2002, zinazungumzia makosa makubwa ya nidhamu, na fimbo ni ya mwalimu mkuu au aliyemteua, viboko visizidi vinne. 10 − 4 + 3 kuwa 3 si kosa la nidhamu. Kwa hiyo walimu waanze wao: watangaze kwenye mkutano wa wazazi, mbele ya wote, kwamba hakuna atakayechapwa kwa jibu la kazi ya nyumbani. Wazazi nao, wakishasikia hivyo, wamuulize mtoto "umepataje?", wamsikilize mpaka mwisho, na daftari liende shuleni kama alivyoliandika.