Waliokuja kwa Sababu ya Mkate



Niko huku Igowole, na gumzo ni daftari la kwaya. Viongozi wa kwaya moja ya vijana wanataka kuwafuta wale "waliofuata wachumba na safari". Wameniomba neno. Naanza na filamu ya Kijapani, msinicheke.

Inaitwa Swing Girls, ya mwaka 2004, mwongozaji ni Shinobu Yaguchi. Wasichana wa sekondari huko Yamagata, mkoa wa wakulima, wamebanwa na masomo ya ziada ya hesabu likizoni. Wanajitolea kuipelekea bendi ya shule chakula, si kwa upendo, ni kukwepa hesabu tu! Njiani wanachelewa, jua kali, chakula kinaharibika, karibu bendi nzima inaugua tumbo. Basi inabidi wao wajaze nafasi. Hata kupuliza tarumbeta hawajui. Wanasukumana hivyo hivyo, na pale wanapoanza kuonja utamu wa jazi, wagonjwa wanapona na wao wanaambiwa waondoke. Wanatoka wakijifanya hawajali, halafu wanalia.

Mimi hapo ndipo filamu ilinishika. Walikuja kwa hila, wanaondoka wakilia. Baadaye wanahangaika kutafuta hela ya ala chakavu, hadi kuingia msituni kuchuma uyoga. (Sisi wa Mufindi hilo halihitaji maelezo.) Na waigizaji wenyewe walijifunza ala kweli, muziki unaousikia ni wao wanapiga.

Aristotle aliliona hili zamani: mtu huwa mpiga kinubi kwa kupiga kinubi. Hakusema nia itakaswe kwanza ndipo ashike nyuzi. Tena Mtakatifu Augustino, pale Milano, alikwenda kumsikiliza Askofu Ambrosi kwa sababu ya ufasaha wake tu. Yeye alikuwa mwalimu wa ufasaha, alitaka kupima ufundi wa mwenzake. Maneno yakaingia, na yaliyomo yakapenya nayo. Pasaka ya mwaka 387 akabatizwa na Ambrosi huyo huyo.

Someni Yohane sura ya 6. Yesu anawaambia watu wazi kwamba wamemfuata kwa sababu walikula mikate wakashiba. Anawajua kabisa. Lakini hawafukuzi, anaendelea kuwafundisha habari za mkate mwingine. Walioondoka siku ile waliondoka wenyewe.

Nidhamu ni jambo jingine, jamani. Asiyefika mazoezini aulizwe, na akizidi, katiba ya kwaya ipo. Ila kumfuta mtu kwa sababu ya kilichomleta mwaka juzi, hapana.

Mwenyekiti, najua unasoma hapa. Yule kijana wa sauti ya nne, unayesema kamfuata dada wa sauti ya pili: Jumapili baada ya Misa, dada ameshaondoka, nilimkuta kabaki peke yake kanisani, anarudia wimbo wa katikati.