Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Nyumba yangu iko Karatu, hatua chache kutoka barabara iendayo Ngorongoro. Tangu nistaafu ualimu mkuu, asubuhi hukaa barazani nikitazama magari ya watalii yakipanda kuelekea lango la Lodoare. Wageni hupunga mkono, wajukuu wangu nao hupunga, na gari limekwisha pita. Kwa miaka mingi niliwalaumu kimoyomoyo. Nilisema watu hawa hutazama, lakini hawaoni.

Mwaka 2019 ikawa zamu yangu kuwa mgeni. Nilipanda treni Dodoma kwenda Kigoma, safari niliyoitamani tangu nikiwa kijana katika chuo cha ualimu. Reli hiyo ya Kati Wajerumani walianza kuijenga 1905, ikafika Kigoma 1914, na kwa sehemu kubwa inafuata njia ya zamani ya misafara ya pembe na watumwa. Ndani ya treni mtu hawezi kujificha na jirani yake. Pale Saranda tulinunua kuku kupitia dirishani, tukala pamoja watu tusiojuana. Mama mmoja alinilaza mtoto wake mapajani hata kabla ya kuniuliza jina.

Kutoka Kigoma nilikwenda Ujiji. Zaidi ya miaka thelathini niliwafundisha watoto kwamba hapo ndipo Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871. Nilisimama mbele ya mnara, nikapigwa picha, nikageuka niondoke. Nusu saa ilinitosha.

Chini ya mwembe alikaa mzee aliyenizidi umri. Nilimwamkia, akaitika, akaniuliza nimetoka wapi.

"Karatu, mzee, jirani na Ngorongoro."

"Ahaa, kwenye wanyama."

"Na watu tupo," nilijibu, kwa ukali kidogo.

Akacheka. "Hata hapa tupo, mdogo wangu. Lakini wewe umekuja kutazama jiwe."

Niliketi. Alinisimulia habari za waliopita njia ile, wengine na pembe begani, wengine na minyororo shingoni. Nilisikiliza kwa aibu. Livingstone alipofariki 1873, Chuma, Susi na wenzao waliubeba mwili wake kwa miguu mpaka Bagamoyo. Habari hiyo niliijua. Lakini katika miaka yote ya kazi sikuwahi kutunga swali moja la mtihani juu ya wapagazi.

Je, ni kosa kwenda kutazama? Sidhani. Wapo wasemao kwamba mtalii akishalipa ada, deni lake limekwisha. Siwadharau, kwani karo za watoto wengi wa Karatu zimetokana na utalii. Hata hivyo ada hulipia lango. Mwenyeji ana deni lake mbali, nalo ni dogo: salamu, swali moja, na subira ya kusikiliza jibu. Wazee walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi tumeugeuza msemo huo kuwa wa fedha. Lakini mtu ataponaje ikiwa hakuna aliyemuuliza hali?

Fikiri, ndugu msomaji, juu ya Ngorongoro yenyewe. Hifadhi ilianzishwa 1959 ili wanyama na wafugaji waishi pamoja. Mwaka 1974 Wamasai waliokuwa wakiishi ndani ya kreta waliondolewa. Tangu 2022 familia nyingi zimehamia Msomera, wilayani Handeni. Serikali imesema ni kwa hiari, na wako wakazi waliopinga neno hilo. Katika eneo hilohilo, huko Laetoli, zilifukuliwa mwaka 1978 nyayo za viumbe waliotembea wima kama sisi miaka milioni 3.6 iliyopita. Ni sehemu chache duniani ambako alama ya mguu wa namna hiyo ni ya kale kiasi hicho, na bado jina la Ngorongoro likitajwa mtu hujibu, "kwenye wanyama."

Niliporudi nyumbani niliacha kuwalaumu wapitao. Nilijiuliza badala yake: mimi niliyeishi Karatu umri wangu wote, ni familia ngapi za huko juu ninazozijua kwa majina? Nilihesabu kwa vidole vya mkono mmoja, na vidole vikabaki. Wafugaji hao hushuka kila siku ya mnada, hupita mbele ya baraza hilihili, nami hupunga mkono.