Kuni za Siku

Somo: Zaburi 5:1–3

Jirani yetu mmoja huuza vitumbua. Jogoo wa kwanza akiwika, yeye ameshachuchumaa mbele ya mafiga yake. Wala hakimbilii kiberiti. Huanza na vijiti vikavu chini, kisha kuni nene juu, akiacha upenyo wa hewa. "Ukizibana," aliniambia siku moja, "utakula moshi mpaka jua lipande."

Nilimkumbuka niliposoma zaburi hii. Asubuhi Daudi anampangia Mungu dua yake, kisha anatazamia. Neno la Kiebrania la kupanga hapa ndilo lililotumika Eliya alipozipanga kuni juu ya madhabahu kule Karmeli (1 Wafalme 18:33). Na kutazamia kwake ni kama kwa mlinzi aliye zamu.

Mpendwa, leo yako umeipangaje? Wengi wetu tunaamkia simu. Macho hayajafunguka sawasawa, tayari tunasoma shida za watu, na siku imeshapangwa na wengine. Kesho, kabla hujaigusa simu, keti kitandani, fumba macho, uipitie siku mbele za Bwana. Jione ukipanda daladala, ukifungua duka, ukimhudumia mteja mkorofi bila kufoka. Yuko uliyemkwaza jana? Jione ukimwendea, na neno la kwanza utakalomwambia limwambie Mungu kwanza. Chagua mambo mawili matatu ya lazima, mengine yasubiri. Hata siku huhitaji upenyo wa hewa.

Ila kuiona siku akilini si kuimiliki. Yakobo anawaonya wanaopanga safari na biashara ya kesho bila kusema Bwana akipenda (Yakobo 4:13–15). Eliya alizipanga kuni, akaagiza zimwagiwe maji. Moto haukuwa wake, ulishuka. Ndiyo sababu Daudi hakuishia kupanga. Gari likiharibika njiani, au mgeni akibisha hodi ukiwa mbioni kutoka, usiseme haraka kwamba siku imeharibika. Mlinzi hachagui atakayetokea njiani. Kazi yake ni kuwa macho anapokuja.

Sala: Ee Bwana, kuni zangu za leo ni hizi. Nimezipanga nilivyoweza. Ziondoe zisizofaa, uziwashe zilizobaki, unipe macho ya kukutazamia hadi jioni. Kwa jina la Yesu. Amina.