Bustani ya Amani na Swali la Asili

Bustani ya Amani iko Usambara Mashariki, wilayani Muheza, mkoa wa Tanga, kwenye mwinuko wa mita 900 hivi. Wajerumani waliianzisha mwaka 1902 kwa ajili ya utafiti wa kilimo. Walifyeka sehemu ya msitu wa Washambaa wakapanda mikwinini, mikafuri, mipira, mianzi na viungo vilivyoletwa kutoka mabara mengine. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, utafiti huo ulihamishiwa Muguga, Kenya, na sehemu kubwa ya bustani ikakosa mtunzaji. Msitu ukarudi kuingia, bustani nayo ikatoka kuingia msituni.

Hapo ndipo swali linapozuka. Kiswahili kina neno moja, asili, kwa mambo mawili: chanzo cha kitu, na hali yake kabla ya kuguswa na mkono wa mtu. Msitu wa asili ni ule usiopandwa. Je, mche uliojiotea chini ya mti uliopandwa na marehemu, huo umepandwa na nani?

Mti wa musizi unalifanya swali kuwa gumu zaidi. Kwao ni misitu ya Kagera na Uganda; Amani uliletwa. Hondohondo hula matunda yake na kuzidondosha mbegu mbali, na pale wapasuaji mbao walipoangusha miti mikubwa, musizi ukawahi kujaza mapengo. Kwa mipaka ya nchi ni mwenyeji, lakini Usambara ni mgeni aliyejitwalia nyumba.

Mkafuri, uliotoka Asia ya Mashariki, una kisa tofauti. Jani lake hung'aa, na mishipa mitatu huachana karibu na kikonyo. Likifikichwa hutoa harufu ambayo watu wa pwani huijua msibani: harufu ya karafuu maiti, inayotiwa katika maji ya mwisho ya kumwosha marehemu. Harufu hiyo ililetwa na biashara ya Bahari ya Hindi muda mrefu kabla mti wenyewe haujapandwa Amani. Ni vigumu kukiita kigeni kitu ambacho watu huagia wafu wao.

Wapo wasemao kwamba miti yote ni ya Muumba mmoja, hivyo hakuna mti ulio mgeni duniani. Kauli hiyo ni kweli kwa upande wa mti, kwa kuwa mti hauna kosa. Kwa upande wa mtu haitoshi. Katika Uislamu mwanadamu ni khalifa, na katika Biblia aliwekwa bustanini ailime na kuitunza. Kote kuwili amepewa amana, na amana haifi kwa mwenye nayo kuondoka. Aliyehamisha mti ameanzisha kazi inayoendelea hata asipokuwepo, na kuiachia bustani magugu si kuurudishia msitu haki yake. Kung'oa miche ya musizi na kulinda miche ya miti ya Usambara ni kulipa deni hilo, hata kama anayelipa siye aliyekopa.

Tangu mwaka 1997 Amani ni hifadhi ya miti hiyo yote. Mikafuri ya bustani imo ndani ya mipaka yake, na jina lililoandikwa ni Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani.